Pigo la Nne

Mzee Morozumi alikataa kumwoza binti yake kwa sababu ya brashi ya kusugulia sakafu.

Hakukataa kwa sababu Ryohei Anzai hana kazi ya kueleweka, ingawa hilo lilikuwa kweli. Hakukataa kwa sababu kijana anakaa chumba kimoja kisicho na bafu, juu ya fundi wa baiskeli, ingawa hilo nalo lilijulikana mtaa mzima wa Taisho, Osaka. Hayo yote mzee alikuwa ameshayameza. Hata miaka thelathini na mitatu ya binti huyo, Chigusa, alikuwa ameihesabu kimya kimya, akaona huu si wakati wa kuchagua-chagua.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, kabla hamamu ya mzee, nyumba ya kuogea ya mtaa, haijafunguliwa, Ryohei alikuja amevaa suti, na boksi la keki za maharage mkononi. Akapiga magoti kwenye mkeka, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja. Mzee akawa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali. Chigusa, aliyekuwa anamimina chai, akaanza tena kupumua.

Hapo Ryohei angenyamaza, mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Hakunyamaza. Alitoa simu mfukoni.

"Mzee, nimekuletea na zawadi nyingine," alisema. "Humu ndani umo wewe mwenyewe."

Ndani ya simu mlikuwa na mchezo ambao yeye na rafiki yake Sakota walikuwa wameutengeneza kwa miaka miwili. Waliuita Sugua Polepole. Hauna adui, hauna saa ya kukukimbiza, hauna kufa. Una hamamu ya kuchora, mvuke, paka aliyelala juu ya mizani, na muziki wa lofi, ule mpole wenye besi ya chini na kinanda kinachokwaruza kama santuri ya zamani, ambao vijana huuweka wakisoma au wakiwa wamechoka na watu. Brashi inapita juu ya vigae, shwaa, shwaa, nawe unagusa kioo kila inapopita. Ukigusa sawasawa, vigae vinang'aa. Ukikosea, vinafifia kidogo, na hakuna anayekugombeza. Watu elfu arobaini walikuwa wameshaupakua kwa majaribio. Sauti ya brashi waliyokuwa wakiifuata ilikuwa ya Mzee Morozumi. Ryohei aliirekodi asubuhi moja ya mwezi wa Mei, kwa ruhusa yake.

Mzee akavaa miwani, ingawa kusikiliza hakuhitaji miwani. Akasikiliza wimbo mmoja hadi nusu. Kisha akaiweka simu mezani kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Huyu si mimi," alisema.

Ryohei akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Ni wewe, mzee. Nimekusafisha kidogo tu."

"Umenisafisha."

"Sauti, mzee. Nimeinyoosha."

Mzee akaliangalia boksi la keki, akaiangalia suti, akamwangalia binti yake. Akasema kwamba mwanamume asiyejua kusikiliza hawezi kukaa na mtoto wake. Akainuka akaenda kulitazama tanuri la maji. Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Chigusa alimfuata Ryohei hadi nje, penye baiskeli. Suti ilikuwa ya kuazima kwa Sakota na ilimbana mabegani, hivyo alisimama mikono ikiwa mbali na mwili kama mtu aliyelowa. Chigusa alitaka kumcheka na kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Alimpenda kwa sababu ya masikio yake. Mwaka uliotangulia, Ryohei alikuwa kijana pekee aliyekuja saa tisa mchana pamoja na wazee waliokuwa wakisubiri mlango ufunguliwe. Siku ya tatu Chigusa alimwona amekaa chumba cha kubadilishia nguo, amefumba macho, taulo shingoni, hasogei. Akamuuliza kama anaumwa. Ryohei alijibu bila kufumbua macho: "Nasikiliza ndoo." Ndani, ndoo za kuogea zilikuwa zinagonga vigae, moja hapa, moja kule, na sauti ilipanda hadi kwenye dari la juu ikarudi. Chigusa alizaliwa ndani ya sauti hiyo na hakuwahi kuisikia hadi siku ile. Aliwaza kwamba mwanamume anayesikiliza ndoo huenda akamsikiliza na mtu.

Sasa baba yake alikuwa amesema kinyume chake, kwa maneno machache, na alikuwa amepiga palepale.

"Umemfanyia nini baba?" aliuliza.

Ryohei akaeleza. Alisema kwamba mtu akirekodiwa, mapigo yake hayakai sawa. Moja linawahi, jingine linachelewa. Kompyuta ina kitufe cha kuyanyoosha yote yakae kwenye mstari. Kila mtu anakitumia, ni kama kupiga pasi. Na mzee alikuwa na tabia ya kusugua mara tatu halafu anaacha. Tatu, anaacha. Tatu, anaacha. Mchezaji angechanganyikiwa. Kwa hiyo alinakili pigo la kwanza akalibandika kwenye lile pengo, yakawa manne kamili, yakaenda na besi vizuri.

"Basi?"

"Basi. Hicho tu, Chigusa. Pigo moja."

Chigusa akaisikiliza simu mara mbili. Hakuona ubaya wowote. Alimwambia aende, atamtumia ujumbe, na asirudi mpaka aitwe. Ryohei aliondoka akiisukuma baiskeli kwa sababu suti haikumruhusu kuipanda.

Kuanzia hapo Chigusa aliacha kuongea na baba yake. Katika nyumba ya watu wawili wanaofanya kazi moja, kunyamaziana kunahitaji ufundi. Mzee hukaa kwenye kiti cha juu mlangoni, panapoonekana upande wa wanaume na upande wa wanawake, na Chigusa hupita kwa taulo na sabuni. Ikabidi wateja watumike. Alikuwa akimwambia Mama Uehara, bibi wa miaka themanini mwenye asili ya Okinawa ambaye hakosi hata siku moja, amwambie baba kwamba chenji zimeisha. Mama Uehara aligeuza shingo akamwambia mzee aliye hatua mbili kutoka hapo kwamba chenji zimeisha. Mzee alimwomba amjibu huyo mtu kwamba chenji zipo droo ya chini. Siku ya nne Mama Uehara alisema anaoga bure kuanzia leo, maana ameajiriwa.

Siku ya tano Chigusa hakuwasha mashine ya kufulia taulo. Kila asubuhi mashine ile hunguruma saa ileile ambayo baba yake anasugua, na ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakuwa amesikia chochote. Alisimama upande wa wanaume, nyuma ya mlango wa kioo, akafumba macho kama alivyomwona Ryohei akifanya.

Shwaa. Shwaa. Shwaa. Kimya.

Shwaa. Shwaa. Shwaa. Kimya.

Kile kimya hakikuwa cha mtu anayehema. Kilikuwa na urefu uleule kila mara, bila kupungua wala kuzidi. Akafumbua macho. Baba yake alikuwa ameinama, brashi imesimama wima mkononi, na kichwa kimegeuka kidogo upande wa kushoto, kwenye vigae vilivyokuwa bado vikavu. Kisha akaendelea.

Chigusa akafungua mlango. "Baba, mbona unasimama?"

"Leo unaongea," alisema mzee.

"Mbona unasimama, kila baada ya tatu?"

"Nina miaka sabini na moja. Napumzika."

"Hupumziki. Nimekuangalia."

Mzee akaiegemeza brashi kwenye ukingo wa hodhi. Aliongea akitazama bomba. Alisema kwamba zamani yeye na mama yake Chigusa walikuwa wanasugua pamoja, bega kwa bega, pigo lake, pigo la mkewe Sumie. Miaka miwili ya mwisho kabla hajafa, kifua kilimbana mama. Akamwambia apumzike, akakataa, unamjua mama yako. Basi wakakubaliana bila kukubaliana. Yeye akawa anapiga matatu, Sumie anapiga moja. Walimaliza kwa kuchelewa lakini walimaliza wote.

"Miaka tisa hii nawaambia watu napumzika," alisema. "Lile la nne si langu. Sasa kijana wako amelipiga yeye. Tena kwa kutumia pigo langu mimi."

Chigusa akakunja mikono ya nguo. Akaenda kuchukua brashi nyingine ili amsaidie, baba yake akamwambia airudishe. Akairudisha. Akaenda kuwasha mashine ya taulo akalia humo ndani ya ngurumo yake, kwa sababu hapo ndipo pa kulilia katika nyumba ile.

Mchana huo huo alipanda ngazi za kwa fundi wa baiskeli. Chumba kilijaa nyaya, vikombe vya tambi na suti iliyotundikwa dirishani. Sakota alikuwa kwenye kiti kizuri, kile chenye magurudumu, anachora mvuke. Ryohei alikaa chini. Chigusa aliwaeleza wote wawili, akiwa amesimama, bila kuvua koti.

Ryohei alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kompyuta, akafungua ile rekodi ya Mei ambayo haijaguswa, akaicheza. Tatu na kimya. Tatu na kimya. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyemkanyaga mtoto gizani.

"Nilikuwa nayo hapa," alisema. "Nilikuwa nayo tangu Mei."

Akasema wimbo unarudishwa ulivyokuwa. Sakota akasema hapana. Hawakupigiana kelele, walikuwa wanajuana tangu darasa la kwanza na hawakuhitaji. Sakota alieleza kwamba si wimbo mmoja, ni nyimbo zote kumi na mbili, zote zimesimama juu ya brashi ile. Kwamba maonyesho ya michezo ya Kyoto ni wiki nne zijazo, kazi hiyo haitawahi, na meza yao imeshapangwa, baada ya kuombwa miaka miwili. Kwamba mchezo wa kufuata mapigo ukimwekea mtu pengo pasipo na sababu, mtu atasema umeharibika. Ryohei alijibu kwamba sababu ipo. Sakota akamuuliza, atawaeleza watu elfu arobaini habari za mama mkwe wake?

"Simwelezi mtu," alisema Ryohei. "Nalitoa tu."

Sakota alizima taa ya meza yake. Alisema kuna kampuni iliyokuwa inamwita tangu majira ya joto, na alikuwa anaikatalia kwa ajili ya Kyoto. Ikiwa Kyoto haipo, basi. Aliitoa suti dirishani, akaikunja mkononi, akashuka ngazi. Walisikia viatu vyake hadi chini.

Chigusa akakaa kwenye mkeka. Hakukaa kwenye kiti kizuri.

"Usifanye hivi ili baba akukubali," alisema. "Atajua. Ana pua kwa mambo kama hayo. Na mimi nitajua."

"Sitoi hongo, Chigusa."

"Basi unafanya nini?"

Ryohei alifikiri. Aliposema, alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kazi yangu ni kusikiliza. Ndiyo kitu pekee ninachojua. Nilimsikia mtu anamsubiri mke wake, nikabonyeza kitufe. Hata kama baba yako ataniambia nipotee, siwezi kuliacha vile."

Chigusa aliutazama mkono wa Ryohei uliokuwa juu ya mkeka, vidole vyembamba, kucha zilizotafunwa. Akaweka wake juu yake. Alikaa hivyo hadi ilipomlazimu kwenda kufungua hamamu, na alichelewa dakika kumi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wazee waliosubiri mlangoni walimwuliza kama amefiwa. Alisema hapana, na akashindwa kuzuia uso wake usitabasamu, wakaelewa wenyewe.

Kwa wiki sita Ryohei hakufika hamamu. Alioga kwa maji ya birika. Chigusa alimpelekea chakula siku za Ijumaa, ambazo hamamu hufungwa, akamkuta anazidi kukonda na kufurahi. Hakumtumia baba yake salamu wala ujumbe, na baba hakuuliza. Lakini Chigusa aliona kwamba mzee sasa akisugua, akifika lile la nne, anatupa jicho kwenye mlango wa kioo kuona kama kuna mtu.

Siku ya jua fupi, ile fupi kuliko zote mwezi wa Desemba, hamamu zote za Osaka hutia majini yuzu, machungwa madogo yenye harufu kali, na watu huja mapema kuyawahi. Saa tisa kasorobo foleni ilikuwa imeshapinda kona. Ryohei alikuwa mtu wa nne upande wa wanaume, na koti lake la kila siku, na taulo.

Ilipofika zamu yake, aliweka sarafu zake mbele ya kiti cha juu. Mzee Morozumi akazitazama.

"Unanuka," alisema.

"Najua, mzee. Samahani."

"Ule mchezo wako?"

"Niliuondoa mtandaoni siku ile. Nimeurudisha jana."

Mzee akanyoosha kiganja. Ryohei akaweka juu yake simu na hedifoni. Mzee akavaa miwani, halafu hedifoni, halafu akamtazama kila aliye kwenye foleni, kama mtu anayesema atakayekohoa atakiona. Chigusa alisimama na rundo la taulo upande wa wanawake. Kutoka pale aliuona uso wa baba yake, na chini yake uso wa Ryohei, na Ryohei hakuwa akimtazama mzee. Alikuwa akimtazama yeye. Kwa wiki sita, kila Ijumaa, walikuwa wamekaa pamoja chumbani bila woga wala haya, na sasa jicho lile moja, mbele ya wazee wenye ndoo, lilimfanya akumbatie taulo kwa nguvu.

Wimbo ulikuwa wa dakika tatu na nusu. Mzee aliusikiliza wote. Baada ya dakika ya kwanza Mama Uehara aliuliza kama wanangoja treni. Mzee mmoja wa upande wa pili alisema miguu yake imekufa, wamwambie mwanawe. Morozumi hakusikia. Kidole chake kilikuwa kimeanza kugusa kioo. Tatu, kikainuka. Tatu, kikainuka. Ryohei alikuwa hajaliacha tu pengo wazi. Alikuwa amenyamazisha na muziki. Besi, kinanda, ule mkwaruzo, hata mvuke wa kuchora, vyote vilisimama kwa pigo moja, kisha vikaendelea pamoja. Anayegusa hapo, vigae vinafifia.

Mzee akavua hedifoni.

"Wengi watakosea hapa," alisema.

"Wanakosea sana, mzee. Wananitukana."

"Vizuri."

Akaifuta simu kwa taulo, mbele na nyuma, akairudisha. Akavua miwani, akaifuta na yenyewe, na hiyo ilichukua muda zaidi. Halafu akauliza, huku akihesabu chenji kwenye droo ambayo haikuhitaji kuhesabiwa:

"Mama yako anakula samaki?"

 Ryohei alisema mama yake yuko mbali, Tottori, na hakuelewa swali linahusu nini.

"Ameshakubali, mjinga wewe," alisema Mama Uehara kutoka upande wa wanawake. "Anataka kumwalika mama yako mezani. Sema anakula, tukaoge."

"Anakula," alisema Ryohei. "Anakula samaki wote."

"Aje mwaka mpya ukipita," alisema mzee. "Sasa nenda ukaoge. Jisugue vizuri, usinichafulie hodhi."

Ryohei akaingia. Chigusa akamsikia nyuma ya ukuta akiteka ndoo ya kwanza na kujimwagia, halafu ya pili, na wazee wakimtania kwamba mkwe mwenyewe ni mifupa mitupu, atasukumwa na brashi badala ya kuisukuma. Harufu ya yuzu ilipita juu ya ukuta. Baba yake alimwambia kwamba chenji zimeisha. Alimwambia yeye mwenyewe, bila mjumbe.

Ryohei akatoka saa nzima baadaye, mwekundu kama kaa, nywele zimesimama, na chungwa moja la yuzu mkononi ambalo haikuruhusiwa kulitoa. Alimpa Chigusa mlangoni, mbele ya mzee. Mzee akageuza kichwa akatazama ukuta. Chigusa alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado la moto. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba kesho asubuhi aje mapema, kuna taulo za kukunja, na kwamba akikunja vibaya harusi haipo. Ryohei alisema atakunja hadi vidole vitoke.

Kilichowagharimu ni hiki. Nyimbo kumi na mbili zilizofanywa upya, wiki sita bila kulala vizuri. Meza ya Kyoto, iliyokaliwa na watu wengine. Siku nne ambazo binti hakusema na baba yake. Wachezaji elfu kumi na tisa kati ya elfu arobaini, waliofuta mchezo na kuandika kwamba una hitilafu kila pigo la nne. Na Sakota. Walimpelekea kadi ya harusi mara mbili, na mara zote mbili hakujibu.